Kiapo Nilichomwapia Mke Wangu Mikokoni

Niliapa mara tatu kwamba nitamwua mke wangu, na sikumwua. Watu wa Kibiti wanajua niliapa, na wanajua hakufa, maana wanamwona akipita na mguu wake mfupi. Lakini ukienda matangani upande ule, ukakaa kitako ukangoja watani waanze kazi yao, utaniona mimi namwua. Utaniona namfunika uso kwa kaniki. Utaona watu wazima wanafuta machozi, wanasema, huyo ndiye mume. Basi nimechoka. Naandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu nilizozipata chuoni kabla mwalimu hajanifukuza, na atakayeona zimepinda na azinyooshe.

Kwanza mnijue. Nina mashua tatu pale Nyamisati. Nyumba yangu imeezekwa bati, na bati la kwanza pale lilikuwa langu; mvua ikinyesha majirani husema tajiri anapigiwa ngoma. Boriti zilizobeba paa za maduka ya Wahindi kuanzia hapa mpaka Utete, nyingi zimepita begani kwangu kabla hazijapita mikononi mwa fundi. Sikurithi kitu. Baba aliniachia shoka lisilo na mpini. Mpini nilitia mimi.

Wakati wa Vita vya Maji Maji nilikuwa kijana mkata boriti, na mke nilikuwa nimemwoa mwaka huohuo. Yeye si mtu wa mikokoni. Kwao ni bondeni, upande wa Kibiti, watu wa mpunga na mtama. Baba yake alikufa mapema, akalelewa na mjomba wake, na huyo mjomba hakunitaka.

"Mtu wa mikokoni hana shamba," alimwambia mbele yangu. "Atakulisha nini, kaa?"

"Kaa ana nyama, mjomba," mke wangu akamjibu. "Pamba ya jumbe ina nini?"

Hapo nikajua nimepata mke. Maana siku zile kila kitu kilikuwa pamba. Mdachi alitaka pamba, jumbe akamtolea watu, na asiyefika shambani alilazwa kifudifudi akapigwa hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano. Mimi nilizipata mara mbili. Kwa hiyo ile dawa ya maji ilipokuja, ya kugeuza risasi ziwe maji, nilikunywa. Siku hizi kila unayemuuliza anasema hakunywa, alikuwa safarini. Mimi nilikunywa kata nzima, na ningepewa ya pili ningekunywa.

Risasi haikugeuka maji. Ilimpata mke wangu pajani akishuka ngazi ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachokaa kulinda mpunga. Askari walikuja asubuhi kuchoma kijiji cha kwao, tulikokuwa tunakaa, naye alikuwa juu anafukuza ndege. Alianguka na kombeo mkononi.

Tulikimbia watu kumi na mmoja kwa mitumbwi mitatu. Nani aliongoza? Mimi, yule mla kaa. Wale wakulima walijua mto unaofurika mara moja kwa mwaka. Hawakujua mto unaojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Niliwateremsha siku mbili mpaka mikokoni, nikawaingiza katika kijito chembamba nilichozoea kukata boriti, matawi yamekutana juu kama dari. Tukafunga vijiti juu ya mizizi, tukamlaza mke wangu hapo.

Mguu ulikuwa umevimba kama gogo. Alilia. Haikuwa kulia kwa kutaka kitu; ilikuwa sauti inayotoka yenyewe, hata akiuma nguo inatoka. Na huko nje, kwenye mto mkubwa, mashua ya askari ilikuwa ikipita huku na huku. Makasia yao tuliyasikia. Wao walisikia nini kwetu, Mungu anajua.

Asubuhi ya pili mjomba wake, naye tulimkimbiza, akanivuta kando, kama kuna kando mahali unaposimama juu ya mzizi.

"Huyu ameshakufa, imebaki roho tu," akasema. "Watu kumi hawawezi kufa kwa sauti ya mmoja. Mmalize. Ni huruma."

"Mmalize wewe, mjomba."

"Mimi si mume. Mke yuko mkononi mwa mumewe, akila na akifa."

Mke wangu alisikia. Masikio hayakupigwa risasi. Akaniita.

"Bwana, usibishane na mjomba. Nimechoka. Nimalize wewe, nisifie mikononi mwa askari."

"Utapona."

"Sikuulizi kama nitapona. Niapie."

Nikakataa. Akaniomba tena, nikakataa tena. Alipoomba mara ya tatu nikaapa mara tatu: wallahi, billahi, tallahi, kabla jua halijafika utosini nitakumaliza. Wenzetu wote tisa walisikia. Akafumba macho, uso ukalegea kama wa mtu aliyeshushiwa mzigo, na ile sauti ikakatika.

Ndipo maji yalipoanza kupwa. Hapa wenzangu walikosea, na ni kosa la mtu wa bondeni. Bondeni maji yakiondoka, ardhi imerudi na njia imefunguka. Watu hutoka wakaenda kupanda. Wakaona tope linajitokeza na mizizi inasimama, wakashikana mikono. "Njia hiyo! Askari watatufuata kwa miguu!"

Nikawaambia, jamani, tope hili linammeza mtu mpaka kiunoni, na mwenye viatu na bunduki linammeza mpaka shingoni. Maji yakitoka hapa, mashua haiingii na mtu haingii. Tutakuwa ndani ya sanduku lililofungwa. Maji yakijaa ndipo tuogope.

Hawakunisikia. Mimi niliona tope, wao wakaona njia. Wakaruka katika mitumbwi miwili kabla kijito hakijakauka, na mjomba akanishika bega. "Fanya ulichoapa. Sisi tutakwenda kumzika kwa maneno, bila maiti." Wakaenda.

Nilingoja mpaka kijito kikabaki utepe. Nikamwambia mke wangu, "Sasa lia."

Akafumbua macho. "Uliapa."

"Lia. Hakuna wa kukusikia ila kaa. Lia mpaka maji yarudi, yakirudi unyamaze."

Akalia. Alilia na kunitukana. Alimtukana mama yangu, akalitukana shoka langu, akakitukana kijito chenyewe, na hakuna askari aliyeweza kutufikia hata kama angesikia kila neno. Maji yaliporudi alinyamaza, nikamlaza mtumbwini, nikapiga upondo kwenye vijito ambavyo mashua ya serikali haivijui mpaka leo. Tukatokea kambi ya wavuvi karibu na bahari, kwa bibi mmoja mganga wa mifupa. Alimfunga mabanzi ya mkoko. Mfupa ukashika, umepinda, lakini ukashika.

Hapo kambini nilifunga siku tatu, kafara ya kiapo nilichokivunja. Mke wangu aliniona nimefunga, akajua kwa nini. Alininyamazia mwezi mzima. Neno lake la kwanza baada ya mwezi lilikuwa "mume wangu", na la pili lilikuwa "mwoga".

Nilikwenda kukata kuni.

Tuliporudi kwao vita vilikuwa vimetulia na njaa imekaa mahali pa vita. Wanawake walipomwona njiani na gongo lake walitupa vikapu wakakimbia. Mjomba alisimama akatoa shahada, akamgusa mkono kwa kidole kimoja kama mtu anayejaribu uji kama ni wa moto. Matanga ya mke wangu yalikwishaondolewa zamani. Aliyekasirika hasa alikuwa mtani.

Mtani, kwa asiyejua, ni mtu wa ukoo ulioachiana ruhusa na ukoo wenu tangu mababu: akutukane, akuigize, avae nguo za maiti wako acheze nazo msibani, nawe usikasirike. Ukikasirika aibu ni yako. Huyu wetu alikuwa hodari kuliko wote. Katika matanga ya mke wangu alikuwa ametunga mchezo mzima.

"We bibie!" akamwambia. "Nani amekuruhusu kufufuka? Nimekulilia mpaka sauti imekauka, leo unakuja kuniharibia mchezo?"

"Basi tapika ugali ulioula matangani kwangu," mke wangu akasema.

Mchezo wenyewe nitausimulia kwa haki, maana ni mzuri, sikatai. Mtani anajifunga kaniki, anakuwa mke. Nduguye anavaa kofia, anakuwa mimi. Mke anaomba kufa. Mume anakataa mara mbili, ya tatu anaapa. Anamnywesha maji ya vita yaliyobaki kibuyuni, anamwambia, haya hayakuzuia risasi, yatazuia uchungu. Anamwimbia wimbo waliomwingizia bibi harusi nyumbani. Kisha anamfunika uso kwa kaniki na kuweka kiganja juu. Mguu unapiga mara mbili, unatulia. Mume haondoi mkono. Hapo watu huangua kilio. Hakuna tope. Hakuna maji kupwa. Hakuna mke anayetukana shoka la mtu.

Na mke hakufa! Yuko palepale jamvini, amenyoosha mguu, anatazama. Ungesema mchezo utakufa kwa aibu. Haukufa. Ulikwenda misibani kwa watu wengine, ukavuka mto. Makungwi wakauchukua, wakawaambia wari wao, wasichana wa unyagoni: "Mwanangu, Mungu akupe mume kama yule, atakayekusikia mpaka mwisho." Siku moja nimekaa barazani Utete, kijana mmoja asiyenijua akanisimulia jinsi mke wangu alivyokufa. Nikamwambia, amenipikia uji juzi. Akanihurumia. "Huyo atakuwa mwingine, mzee," akasema.

Nilivumilia. Nilikuwa na kazi. Nilinunua mashua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenzangu wenye mashua moja walioa mke wa pili na wa tatu. Mimi niliambiwa, oa mwenye miguu miwili iliyolingana. Nikasema nikitaka miguu inayolingana nitanunua meza.

Lakini mwaka jana mvua za masika ziliukamata ule mguu. Goti likajaa, likawa moto. Nilimletea mafuta ya kuchua kutoka Dar es Salaam, nikamletea kitanda cha Kihindi chenye springi. Akalala juu ya kitanda kile akaniambia, kwa sauti ya mchana kabisa, kama anayeniagiza chumvi:

"Itafika siku nitalala nisiinuke. Nataka uniapie tena."

"Siapi."

"Yule wa kwenye mchezo aliapa, akafanya."

"Yule ni nduguye mtani kavaa kofia."

"Alinisikia," akasema.

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimembeba mwanamke kutoka kinywani mwa kifo, nimemwezekea bati, na anamwonea wivu mke wa kaniki! Tulibishana masika yote. Kisha ikaja habari kwamba mjomba wake amekufa. Kabla hatujatoka nyumbani alinipa sharti. "Nikifika kwetu nabaki. Ukiniapia, nitarudi nawe Nyamisati. Usiponiapia, rudi na machela yako tupu."

Sharti hilo hakulitoa kwa hasira. Ningejua la kufanya kama angekasirika. Nikasema hewala, nikaweka wapagazi wanne kwenye machela, si wawili kama watu wengine, tukaenda.

Siku ya kuondoa tanga, adhuhuri imeshasaliwa, watu wamekula, watani wakaingia uwanjani. Mtani wetu sasa ni mzee wa mvi, lakini alikuja amevaa kanzu ya marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, na wajane walicheka huku wanalia. Kisha akaanza ule mchezo. Safari hii alikuwa na mjomba ndani yake. "Mmalize," alisema kwa sauti ileile ya yule mzee. "Ni huruma." Wanawake wakaanza kulia mapema. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Hakulia. Alikuwa anautazama mchezo kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

Nikasimama, nikaingia uwanjani.

"Jamani, muuaji kaja mwenyewe!" mtani akapiga kelele. "Mpisheni, asije akatukaba na sisi!"

Watu wakacheka. Nikasema, "Mtani, leo mimi nitacheza mimi. Nduguyo ananicheza vibaya, hana kifua."

"Kifua anacho. Tumbo lako ndilo hana."

Akavua kanzu ya marehemu, akajifunga kaniki, akajilaza jamvini na mguu umekunjwa. Na nawaambia, mzee yule mwenye mvi na ndevu alipofungua kinywa alikuwa mke wangu mwenyewe. "Bwana, nimechoka. Nimalize wewe. Niapie."

Mimi nikaanza na maji. Nikawaeleza watu jinsi yanavyopwa, nikawaeleza tope, nikawaonyesha kwa mkono mashua ilikuwa wapi na kijito kilikuwa wapi. Nilikuwa bado sijafika kwenye upondo mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Tunataka mume, hatutaki nahodha!" Kicheko kikaniangukia kama paa.

"Bwana," mtani akasema palepale alipolala, "mimi huku nakufa, wewe unasomesha watu mikoko. Uliapa, hukuapa?"

"Niliapa."

"Ukafanya?"

"Sikufanya."

"Mkono ulitetemeka?"

Mke wangu alikuwa anachua goti, akaacha kuchua. Nami nikaona, hapa sina la kuficha, na kama nitarudi na machela tupu basi nirudi nayo nimesema.

"Haukutetemeka," nikasema. "Mkono haukuitwa. Niliapa ili anyamaze. Wallahi ilikuwa mdomoni, na kichwani nilikuwa napiga hesabu ya maji, yatapwa lini. Sikuwa na nia ya kumwua mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Angeniomba mara mia ningeapa mara mia. Nilimdanganya mgonjwa, nikamdanganya huyu mjomba tunayemwondolea tanga leo, nikala kiapo cha uongo kwa jina la Mungu na nikafunga kwa uongo huo. Mnasema yule wenu anamsikia mkewe. Mimi nilimsikia pia. Nilimsikia vizuri, nikakataa. Mume wa namna hiyo hamumtaki? Msimtake. Mimi sikuoa ili nizike."

Kutoka kwa wanawake ikaja sauti ya mke wangu.

"Rudia pale. Hukuwa na nia tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Miaka yote hii mimi nadhani uliapa kweli, halafu ukashindwa. Nadhani nimeolewa na mwoga."

"Umeolewa na mwongo."

"Mwongo," akasema, kama anaonja. Akalirudia. "Mwongo! Na mimi nakushikilia uniapie tena!" Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka waliokaa karibu naye wakamshika wasijue kama ni kicheko au kilio. Mimi najua. Vilikuwa vyote viwili.

Mtani akainua kichwa kutoka jamvini. "Bibie, na mimi niliyelala hapa? Nife, nisife?"

"Amka, mtani," mke wangu akamwambia. "Huyo hawezi kukuua."

Kesho yake asubuhi wapagazi walikuwa tayari mlangoni na mimi sijamwambia neno, maana nilisema nisimbembeleze mtu. Alitoka na gongo lake na furushi la nguo, akaaga ndugu zake mmojammoja bila haraka, akajiweka ndani ya machela.

"Sharti langu nimeliondoa," akasema. "Kiapo chako cha nini? Utaniapia, nitatulia, kisha utanibeba unipeleke kwa mganga."

"Ndivyo."

"Ni vibaya sana ulivyofanya, ujue."

"Najua unavyoona."

"Haya, waambie wainue. Na wasinitikise."

Mchezo bado unachezwa. Nimeambiwa mtani amejaribu kuingiza maneno yangu na watu wamekataa, wanataka kaniki na wimbo wa harusi. Wacheze. Mimi simkatazi mtu kulia. Lakini asije mtu akaniambia kwamba yule mwenye kofia anapenda kuliko mimi, kwa kuwa yeye kazi yake inakwisha mguu ukitulia, na yangu haijaisha.

Goti bado linamuuma, na masika haya linamuuma zaidi ya yaliyopita. Kuna wakati anashika ukingo wa kile kitanda cha Kihindi, ananitazama, na mtazamo ule naujua tangu mikokoni. Nami namtazama hivyohivyo, sigeuzi uso. Haombi. Angeomba, ningeapa palepale, mara tatu, kwa sauti ya juu.